Mashine ya Majani ya Bi Enid

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mji wetu wa Wickersby ndio mji wa kwanza katika Uingereza nzima kuunda Kamati ya Kubaini Ndege ni Nini. Mimi, Sidney Plumb, nilikuwa katibu wake. Yote nitakayoeleza yalifanyika kwa kufuata utaratibu.

Kamati ilizaliwa mwaka 1958, baada ya Mheshimiwa Clement Ogden, mwenyekiti wa halmashauri, kukosa usingizi wake wa Jumapili mchana. Nyumba yake inapakana na uwanja wa umma, na hapo ndipo Bi Enid Hartshorn, fundi cherehani mstaafu, alipokuwa akirusha vindege vyake vya mbao nyepesi. Injini ya kindege ni ndogo kama kidole gumba, lakini inalia kama nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo. Kila kindege kina nyaya mbili nyembamba, ndefu hatua ishirini hivi, zinazoishia kwenye mpini mkononi mwake. Yeye anasimama katikati na kuzunguka, nacho kinamzunguka. Akiinua mpini kinapanda, akiuinamisha kinashuka.

Mheshimiwa alipitisha sheria ndogo: marufuku kurusha ndege uwanjani. Adhabu, Jumamosi sita za kufyeka uwanja huohuo.

"Kazi ya mikono itamtuliza yule mama," alisema.

Jumapili iliyofuata Bi Enid alikuja na ubao wa kupigia pasi. Ulikuwa na miguu yake, kitambaa chake cha maua na pasi juu yake, vyote vya mbao nyepesi. Ulikimbia kwenye majani, ukapaa.

Nilitumwa kwenda kumkanya.

"Bi Enid, sheria inakataza ndege."

"Nimeisoma, Sidney mwanangu. Huu ni ubao wa pasi."

"Lakini unaruka."

"Hata kofia yako huruka upepo ukivuma. Tukuite rubani?"

Nilirudi ofisini na kuandika kwamba mazungumzo yalikuwa na manufaa. Ndipo Kamati ikaundwa. Tulikaa vikao vitatu kujadili ndege ni nini. Mjumbe mmoja alisema ni kitu chenye mabawa. Mwingine akauliza, vipi kuhusu kuku? Tukaahirisha. Wakati huo Bi Enid alikuwa ameshatoka kwenye ubao na kuhamia kwenye kurusha kibanda cha mbwa, mbwa mwenyewe wa mbao akichungulia mlangoni, masikio yake ya kitambaa yakipepea. Watu walianza kuja uwanjani na chai yao na mikate. Mzee mmoja aliyekuwa hajacheka tangu amzike mkewe alicheka mpaka akaomba kiti.

Nilimuuliza Bi Enid kama hatamani kurudia ndege zake za kawaida.

"Ndege ya kawaida ikipaa, watu wanasema sawa, wanaendelea na chai," alisema. "Kibanda cha mbwa kikipaa, mtu anasahau hata goti linalomuuma. Na si uchawi. Uzito uweke mbele, nyuma uache sehemu pana ya kushika upepo. Ukipatia hapo, hata kabati litaruka."

Kisha akaanza kuvikunja vitambaa vyake vya kufutia mafuta.

"Mji huu wote ni vilima, Sidney. Tambarare ni hapa tu. Mkininyang'anya, nitazungukia wapi, jikoni? Tangu mume wangu Wilfred afe, mle ndani ninaongea na saa ya ukutani."

Hilo sikuliandika kwenye taarifa. Halikuwa na sehemu yake kwenye fomu.

Mheshimiwa alichoshwa na vikao. Aliamua kukagua mwenyewe, Jumapili, saa ya kero. Alikuja na Kamati nzima pamoja na askari Tuttle. Bi Enid alikuwa ameleta mashine ya kukata majani: nyekundu, yenye magurudumu, mpini wa kusukumia na kikapu nyuma.

"Sikiliza, Tuttle," alisema Mheshimiwa. "Kitakachopaa leo ni ndege, hata kiwe beseni la kuogea. Kikipaa tu, andika jina la aliyeshika nyaya."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Halafu akaikodolea macho ile mashine. "Ila hii haiwezi kupaa. Kuna ujanja hapa. Nipe huo mpini wa nyaya nishike mwenyewe."

"Ukishika usiachie," alisema Bi Enid. "Mpaka mafuta yaishe."

Aliwasha injini, akaniashiria, nami niliyekuwa nimeishikilia mashine nikaiachia. Mashine ilinguruma, ikaruka, ikaanza kumzunguka mwenyekiti wa halmashauri. Mzunguko wa kwanza alitoa macho kama mtu aliyekalia sindano. Wa tatu aliinua mpini, mashine ikapanda, naye akasema, "Ala, inanisikia." Wa kumi alikuwa anacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ofisini. Mafuta yalipoisha, mashine ilitua taratibu, naye akatua kwa makalio, kofia upande, dunia ikiendelea kumzunguka.

Askari Tuttle alifungua daftari.

"Jina lako kamili, Mheshimiwa."

Mahakamani Mheshimiwa alijitetea kwa ufasaha. "Mheshimiwa hakimu, ile si ndege. Kila mwenye macho aliona ni mashine ya kukata majani."

Hakimu alimwuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika, yuko tayari kuapa. Akaapa.

"Vizuri," alisema hakimu. "Basi mahakama imeridhika kwamba vyombo vya Bi Hartshorn si ndege, na aendelee navyo. Wewe, kwa kiapo chako, ulikuwa unaendesha mashine ya kukata majani kwenye uwanja wa umma siku ya Jumapili. Hilo lilipigwa marufuku mwaka jana, kwa pendekezo lako, ili watu walale. Adhabu ni ileile: Jumamosi sita."

Jumamosi ya kwanza nilikwenda kusimamia. Mheshimiwa alikuwa anasukuma mashine ya kweli, jasho likimtoka. Bi Enid alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja.

"Kona ile umeiacha, Mheshimiwa. Magurudumu yangu hayapendi majani marefu."

Mheshimiwa alirudi akaikata kona. Kisha akamsogelea na kuinama, kama mtu mwenye siri ya halmashauri.

"Bi Enid, ule ubao wa pasi... ni mgumu kuuendesha?"

Kamati haijakutana tena. Nimeitisha vikao vinne, akidi haitimii. Wajumbe wote wako uwanjani, wanapanga foleni nyuma ya mwenyekiti.