Kiboko Aliyejaza Ukurasa Mzima

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeonyeshwa jalada. Loo! Jina la Mwandishi limekaa juu, herufi nene, nyekundu, limejinyoosha kutoka pembe hadi pembe. Langu liko chini kabisa, kwenye unyayo wa kiboko. Nilidhani ni vumbi. Nimelipangusa kwa kidole, halikutoka.

Nimemuuliza Mhariri kama hii ni haki. Kitabu cha watoto ambao hata kusoma bado, kina picha kila ukurasa, kiboko mwenyewe nimemzaa mimi, halafu jina ni la mwenye maneno! Akanijibu, bila hata kuinua macho, kwamba ndivyo vitabu vinavyokwenda. Anayeandika ndiye mwenye kitabu. Akaniomba nifunge mlango nikitoka.

Mbaya zaidi, Mama anakuja kututembelea mwezi wa tano. Tangu niache uigizaji anawaambia majirani zake kwamba mwanawe siku hizi "yuko kwenye vitabu". Majirani wameanza kuuliza ni vitabu gani hivyo. Anataka kurudi na kimoja awafunge midomo. Sasa nimpe nini mama wa watu? Kitabu na darubini?

Hapana. Michoro ya ndani bado sijaimaliza. Watanitambua.

Jumatano, 6 Machi

Mpango umeiva. Maneno yanahitaji nafasi, na nafasi nagawa mimi! Mwandishi hupanga aya zake pale ninapomwachia weupe, juu au pembeni. Nisipoacha weupe, je? Atajibanza wapi?

Nimeanzia pale Kiboko anapopanda jukwaani. (Kiboko wetu anataka kuwa mwigizaji, ila kila akisimama mbele ya watu usingizi unamchukua.) Mimi sichori mnyama mpaka kwanza niwe huyo mnyama. Ndivyo nilivyolelewa jukwaani. Basi nikaingia chumba cha kazi cha mke wangu, ambaye ni mshonaji na ana kioo kirefu, nikapiga magoti, nikafungua mdomo, mto tumboni. Mteja akaingia kujaribu gauni. Mke wangu akamwambia asijali, mume wake yuko kazini. Mteja akauliza kama kazi hiyo ni ya kila siku.

Nimemaliza mdomo jioni. Umejaa kurasa zote mbili. Meno, ulimi, hadi kimio kinaonekana. Hakuna pa kutia hata nukta.

Jumamosi, 9 Machi

Mwandishi amepiga simu. Nikavuta kiti nimsikilize vizuri akilia. Wapi! Anacheka. Kasema mdomo ule umemvunja mbavu, na aya yake yote ameifuta, maana picha imeshasema kila kitu. Amebakiza "Aaaah" tu, ipite juu ya ulimi. Kisha akanishukuru!

Mwandishi ni mama aliyefundisha watoto wadogo miaka mingi, hakasiriki hata umchome sindano. Watu wasiokasirika wananitisha. Mke wangu anasema huenda amefurahi kweli. Mke wangu anaamini watu kupita kiasi.

Ijumaa, 15 Machi

Wiki nzima najaza. Ukumbi wote nimeujaza watazamaji: nyani wamening'inia kwenye taa, kobe wamepanda juu ya kobe wenzao, twiga wamekaa viti vya mbele na walio nyuma yao wamenuna. Pazia limeshuka mpaka pembeni kabisa. Mwandishi kafuta tena. Na tena.

Leo, nikisuuza brashi, akili ikafunguka. Anafuta! Kila picha anafuta! Maneno yakiisha, na Mwandishi kaisha. Kitabu kisicho na neno kina mwandishi gani? Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akasimamisha cherehani kuuliza kuna nini.

Jumanne, 19 Machi

Pigo la mwisho. Kiboko kasinzia, kaangukia swichi, ukumbi mzima taa zimezimika. Nimepaka kurasa mbili nyeusi tii. Hakuna mnyama, hakuna pazia, ni giza tu. Haya, aandike humo tuone!

Tone moja la wino limerukia kitambaa cheupe cha mteja wa mke wangu. Dogo tu. Nimeligeuza kuwa ua. Mke wangu anasema mteja alitaka kitambaa kisicho na maua. Wasanii tunateseka.

Jumatano, 27 Machi

Siku mbaya. Mhariri ana kawaida ya kukijaribu kitabu kwa watoto kabla hakijakwenda kuchapwa. Leo tulikuwa maktaba, chumba cha watoto, wao wameketi kwenye zulia. Nilivaa joho langu la zamani la jukwaani. Mwandishi ndiye aliyesoma.

Mdomo ulipofunuliwa watoto walipiga kelele. Picha yangu! Kwenye twiga walisimama ili waone. Yangu hiyo! Kisha ukaja ukurasa mweusi. Hakuna neno, nikasema moyoni, sasa atafanyaje? Nikatabasamu.

Mwandishi akainama, akatoa sauti nyembamba kama mtu aliyefichwa kabatini: "Nani amenikanyaga?"

Kumbe aliyaweka! Herufi ndogo nyeupe, katikati ya giza langu! Watoto hoi. Mmoja alibingirika hadi kwenye rafu. Wakataka arudie. Akarudia. Wakataka tena. Mhariri, ambaye meno yake sijawahi kuyaona, leo nimeyaona yote. Kasema hayo ndiyo maneno bora kuliko yote aliyowahi kuchapa.

Nilikuwa nimejiandaa kuinama kupokea makofi, basi nikainama hivyo hivyo. Mtoto mmoja akauliza huyu baba kaangusha nini.

Alhamisi, 28 Machi

Mhariri kapiga simu asubuhi. Kasema Mwandishi ana pendekezo kuhusu jina langu kwenye jalada.

Damu ikanipanda. Pendekezo! Ina maana hata ile chembe anaionea wivu? Nikamkatiza palepale. Nikamwambia mapendekezo ya yule mama sitaki hata kuyasikia, na kama jina langu haliwezi kuwa kubwa, basi waliondoe. Akauliza, kuliondoa kabisa? Kabisa! Akaanza kusema nimsikilize kwanza, nikakata simu. Kisha nikamtumia ujumbe wenye neno hilo moja, KABISA, asije akasema hakunielewa.

Mwigizaji mkuu akitishia kuondoka, hupigiwa magoti. Nimekaa kando ya simu nasubiri magoti. Mpaka jioni haijalia.

Alhamisi, 2 Mei

Vitabu vimetoka. Kiboko anang'aa. Jina la Mwandishi liko palepale juu. Kwenye unyayo hakuna kitu. Nimetafuta nyuma, ndani, kwenye mgongo wa kitabu. Sipo.

Nikaenda mbio kwa Mhariri. Akanionyesha ujumbe wangu. Kisha akanieleza lile pendekezo. Mwandishi alikuwa amemwambia kwamba safari hii kitabu kimebebwa na picha, kwa hiyo jina langu litangulie, juu ya lake, herufi saizi moja. Alibishana naye siku mbili, na Mhariri akakubali.

Nimekaa kwenye ngazi za ofisi, nimeshika tama. Nimeumia, sifichi. Jina langu, juu, rangi nyekundu! Mke wangu anasema nimpigie yule mama simu leo hii nimwombe radhi.

Nimefikiri sana. Jibu nimelipata. Alijua nitakataa! Mjanja sana yule mama.

Jumamosi, 4 Mei

Mama kafika. Hata viatu hajavua, anauliza kitabu kiko wapi. Nikamletea, kiganja changu kimefunika jalada, nikawahi kufungua ndani. Kwenye mdomo akacheka. Kwenye twiga akasema huyu mnene wa nyuma anafanana na shangazi yangu. Tulipofika kwenye giza akauliza kama hapa wino uliwamwagikia.

Nikatoa sauti nyembamba: "Nani amenikanyaga?"

Mama akacheka mpaka akashika meza. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu Baba afariki sijamwona akicheka hivi. Akafuta macho, akaniuliza maneno matamu namna hii kayatunga nani.

Nikasema mimi.

Limenitoka tu. Mke wangu alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Alinitazama tu, kisha akarudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 9 Mei

Mama alirudi kwake juzi, na leo kapiga simu. Majirani wote wamekiona kitabu. Wanakisoma kwa zamu, na wakikutana njiani wanaulizana nani amenikanyaga. Jirani mmoja mbishi alisoma jalada akasema mbona hili ni jina la mwanamke. Mama akamjibu kwamba wasanii wana majina yao ya kisanii, asijitie kujua. Sasa mtaani kwake hapiti bila kuitwa mama wa mwandishi. Sauti yake imejaa raha. Ningeanzia wapi kumwambia?

Nikamuuliza, taratibu, kama mtu anayeulizia mambo ya jirani tu: na picha je, wamezionaje?

Akasema picha nazo si haba. Ila zimejitanua mno. Nimwambie huyo mchoraji wangu ajipunguze kidogo, wasomaji wapate maneno yangu zaidi.

Nimemwahidi. Na nikitulia nikafikiri, Mama ana hoja. Kitabu kijacho naandika mwenyewe, maneno mengi, aya ndefu ndefu. Kesho natafuta mchoraji, kijana mtulivu asiye na makuu. Jina lake tutaliweka. Halihitaji kuwa kubwa.