Nilivyomkagua Muuguzi wa Baba Yangu

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wodi nzima ya wanaume. Sijavua hata soksi, lakini ndivyo ninavyojisikia. Na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Kwa wasiojua kazi yangu, mimi ni ajenti wa mizigo hapa Malaba. Napitisha makaratasi ya malori yanayokwenda Uganda. Ukinipa fomu yenye kosa, nitaliona kabla hujakaa. Nilidhani kipaji hicho kinafaa kila mahali.

Baba yangu anaishi nyumbani, karibu na Khunyangu. Ana henia, ile ngiri ya kinena, na imemsumbua tangu mwaka jana. Daktari wa zahanati alimwambia afanyiwe upasuaji mapema, kwa sababu utumbo ukikwama hapo, mambo yanabadilika. Dada yangu Nabwire, mwalimu kule Nakuru, akanipigia simu. "Barasa, wewe uko karibu. Zunguka hospitali, uone ipi ni nzuri, tumpeleke mzee."

Mtu mwingine angemaliza kwa siku mbili. Mimi nikanunua daftari.

Nikachora jedwali kwa rula. Hospitali tatu: ya serikali, ya mtu binafsi, na ya masista wa kanisa. Juu nikaandika idadi ya wauguzi, wagonjwa wanasemaje, gharama ya upasuaji. Halafu nikaongeza safu ya nne, usafi wa choo. (Hapo nikajiona mtaalamu.)

Ile ya serikali bei yake ilikuwa nafuu na wauguzi walikuwepo, ila foleni yake ilinitisha. Ile ya binafsi ilikuwa na sakafu unayoweza kujitazama ndani yake, na msichana wa mapokezi alinipokea kama bwana harusi. Aliponitajia bei ya upasuaji, nilikaa chini bila kuambiwa. Basi nikarudi ya serikali kuhesabu wauguzi wa mchana, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimehesabu wa asubuhi peke yao. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo. Ya pili pia.

Baba akanipigia. "Umefika wapi?"

"Bado nalinganisha, baba. Sitaki tukosee."

"Linganisha tu. Lakini hii kitu haijui kusoma."

Nilicheka sana siku ile.

Jana jioni nikiwa bado ofisini, simu ikaita. Alikuwa Makokha, jirani yetu wa nyumbani, mwendesha bodaboda. Akapiga mara sita, na mara zote sita sikushika. Nilijua anachotaka, au nilidhani najua. Mwezi mzima amekuwa akinisumbua nimtafutie tairi za bei rahisi upande wa Uganda. Nikajiambia atangoja kesho. Leo asubuhi akapiga tena, nami nikazima sauti ya simu, kwa sababu nilikuwa naelekea hospitali ya tatu, ile ya masista, na sikutaka kusumbuliwa nikiwa kwenye utafiti.

Nilivaa shati jeupe na tai. Sikuivaa tai kumdanganya mtu. Nilifikiri tu kwamba mwenye tai hujibiwa upesi. Askari wa geti alipoiona, pamoja na daftari, akasimama wima na kunifungulia geti lote, hata upande wa magari. Nilikuwa kwa miguu.

"Karibu, mkubwa. Umetoka serikali ya kaunti?"

Hapo ndipo ningesema hapana. Nilisema, "Nimekuja kuangalia huduma." (Si uongo. Ndiyo maana ni mbaya zaidi.)

Nilipofika mapokezi, habari zangu zilikuwa zimeshafika. Mhudumu mmoja akaniletea chai ya maziwa na mayai mawili ya kuchemsha. Nikala. Kwenye safu ya wagonjwa wanasemaje nikaandika, "Mapokezi mazuri." Sikuwa mgonjwa, lakini niliandika.

Wodi ya wanaume ina vitanda kumi na viwili, na vyote vilikuwa na watu. Ukutani orodha ya zamu ilikuwa na majina manne ya wauguzi. Niliangaza macho, sikuona hata mmoja aliyesimama. Nikaanza na wagonjwa. Kitanda cha kwanza alikuwa dereva wa lori, mtu wa Mombasa, mguu mmoja umefungwa plasta.

"Kwa kumi, huduma ya hapa unaipa ngapi?" nikamuuliza.

"Kumi ya nini, bosi?"

"Alama. Kumi ni nzuri kabisa."

Akafikiria. "Wewe, mtu akikushikia chombo ukojoe, na asikunje uso, hiyo ni ngapi?"

Sikuwa na safu ya jambo hilo. Nikaandika saba. Mzee wa kitanda cha pili aliniuliza kama ni mimi ninayeleta uji. Nilipomwambia hapana, akageukia ukuta. Nikamwandika "hana maoni."

Mwisho wa wodi palikuwa na meza, na nyuma ya meza kitanda kimoja cha dirishani kilichozungushiwa pazia. Mezani alikuwa muuguzi, msichana mwembamba, kichwa juu ya mafaili, amelala. Saa nne asubuhi. Kalamu ilikuwa bado iko vidoleni, na ilikuwa imechora mstari mrefu uliotoka kwenye karatasi mpaka mezani.

Ningeweza kupita. Ningeweza kukohoa kidogo. Nilipiga meza kwa daftari.

"Sista, hapa ni wodi ama ni lojing?"

Aliruka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Pole, bosi. Nimekaa tu kidogo."

"Jina?"

"Amoit."

"Wenzako wako wapi? Kule ukutani mko wanne."

"Mmoja amejifungua, yuko likizo. Mmoja ni mgonjwa. Mwingine alisindikiza mgonjwa na ambulensi, hajarudi. Mimi niliingia jana asubuhi."

"Jana asubuhi mpaka sasa?"

"Sikupata wa kumwachia wodi."

Mtu mwenye akili angeweka kalamu chini. Mimi niliandika, tena nikitamka kila neno ili wodi ijue imepata mtetezi. "Muuguzi Amoit. Amepatikana amelala kazini. Visingizio vingi. Sifuri."

Dereva akajiinua kwa kiwiko. "Bosi, hiyo futa."

"Ukaguzi haufutwi," nikamjibu. (Ukaguzi. Neno lilitoka kinywani mwangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.)

Ndipo nyuma ya pazia sauti ikasema, "Barasa."

Ilikuwa sauti ndogo, kavu. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Barasa, wacha huyo mtoto wa wenyewe. Ndiye amekaa na mimi."

Sista Amoit akavuta pazia. Baba yangu alikuwa amelala chali, mpira wa maji umechomekwa mkononi, midomo imempasuka. Alionekana mdogo, kama mtu aliyeazimwa kitanda kikubwa.

"Baba. Umekuja lini?"

"Makokha alinileta jana jioni. Ilikwama. Alikupigia mpaka simu yake ikazima."

Nikatoa simu yangu mfukoni. Asubuhi hii peke yake alikuwa amepiga mara nane, kwa namba mbili tofauti. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikutaka kuinua macho.

Sista Amoit alinitazama, akaitazama tai. "Wewe ndiye Barasa wa Malaba? Mzee amekutaja sana kabla ya kuingia theata kupasuliwa. Alisema ana kijana makini, anamtafutia hospitali."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningepata pa kupumulia.

Mlango ukafunguliwa, akaingia metroni, yaani mkuu wa wauguzi, mama wa makamo anayetembea haraka na kuongea polepole. Alikuwa ameambiwa kuna mkaguzi. "Karibu, bosi. Niwie radhi, nilikuwa theata. Naomba ile barua ya ukaguzi, tuanze."

Nilipapasa mfuko wa shati, kana kwamba barua imo. Baba akanisaidia.

"Hana barua. Huyo ni mtoto wangu."

Metroni akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Si wa kaunti?"

"Hapana, mama."

"Na umekunywa chai?"

"Ndiyo, mama."

"Mayai pia?"

"Pia."

"Hayo yalikuwa ya Sista Amoit. Tangu jana mchana hajatia kitu mdomoni. Jikoni walisema mgeni apewe kwanza."

Nimewahi kupewa habari mbaya na maafisa wa forodha. Nimewahi kuambiwa lori zima lirudi lilikotoka. Sijawahi kutamani sakafu inimeze kama wakati ule.

Metroni akanyoosha mkono, nikampa daftari. Baba akasema, "Soma kwa sauti, mama. Hata mimi nijue nilikuwa napelekwa wapi."

Akasoma. Alisoma kama anasoma matangazo kanisani. Hospitali ya binafsi: sakafu safi sana, kioo cha choo kizuri. Ya serikali: wauguzi saba asubuhi, watano mchana, rudi uhakikishe. Ya masista: mapokezi mazuri, chai nzito, mayai mawili. Wagonjwa: mmoja ametoa saba, mmoja hana maoni. Wauguzi: mmoja, amelala. Dereva alicheka mpaka akaomba mtu amshikie mguu. Mzee wa kitanda cha pili akageuka kutoka ukutani na kuuliza, "Ni mimi sina maoni?"

Kisha metroni akafungua ukurasa wa nyuma, nilikokuwa nimeandika siku nilizotembelea kila hospitali. Akahesabu kwa kidole. Uso wake ukabadilika.

"Hii kazi uliianza wiki tatu zilizopita?"

"Ndiyo."

"Na mzee alikuwa anaumwa muda huo wote?"

Baba akajibu. "Ilikuwa ya kuvumilia tu." Alikuwa ananitetea, na nyuzi bado mbichi tumboni.

Metroni akafunga daftari. "Daktari alisema angefika leo mchana, tungekata utumbo. Wiki tatu zilizopita, hospitali yoyote kati ya hizi zako ingemtengeneza na angekuwa ameshaenda nyumbani."

Akanirudishia daftari, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakunifokea. Kuna watu wanaojua kwamba hawahitaji.

Nilimfuata Sista Amoit kwenye chumba cha dawa. "Sista, nisamehe. Sikujua baba yuko hapa."

Alikuwa anapanga vidonge kwenye vikombe vidogo. "Na kama angekuwa mzee wa mtu mwingine?"

Swali hilo bado ninalo.

Hakungoja jibu. Alinipa beseni. "Kitanda cha nane anataka kutapika. Kimbia."

Nilikimbia. Nikavua tai, nikaitia mfukoni, na mpaka saa nane nilibeba nilichoambiwa nibebe: mabeseni, shuka, jagi la maji, mkono wa mzee mmoja aliyetaka kufika dirishani akaone kama mvua inakuja. Mgonjwa mmoja alisema sijui kushika kijiko. Nilikubali. Kwa saa hizo chache niliitwa mara nyingi kuliko nilivyoweza kuitika, nami nilikuwa nimekunywa chai na nimelala usiku kucha kitandani kwangu.

Nilimpigia Nabwire. Nilimweleza yote, hata mayai. "Nilikuambia uzunguke hospitali," akasema. "Sikukuambia uzunguke wiki tatu." Halafu akalia kidogo, nami nikangoja. Makokha nilimpigia pia. Nilimwambia asante, nikamwambia tairi zake nitazileta mwenyewe. Akasema alikuwa ameshasahau habari za tairi.

Mtu wa kumpokea Sista Amoit alifika saa nane na nusu. Nilikuwa nimetoka nje ya geti kumnunulia chapati na ndengu. Alizipokea, akanusa mfuko, akasema, "Hii umelinganisha na ya nani?" Hakucheka, ila alisimama kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akaenda kwa kitanda cha baba, akamwekea mkono begani, akaondoka akitembea kama mtu aliyebeba gunia.

Nilikaa kando ya kitanda. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumwomba baba msamaha. Yeye akaanza.

"Wewe ulikuwa unaogopa," akasema.

"Kuogopa nini?"

"Nikatwe, nife, useme ni wewe ulichagua mahali."

Sikuwahi kuliandika hilo kwenye daftari, wala kujiambia. Nilimrekebishia shuka ingawa ilikuwa imekaa sawa.

Basi hiyo ndiyo habari ya leo. Kama una mgonjwa nyumbani, mpeleke kwanza, kasoro utazitafuta baadaye. Na tafadhali, msicheke. Baba amejaribu kucheka sasa hivi, nyuzi zikamuuma, na sista wa zamu amenionya kwamba nikimchekesha tena nitatolewa nje.