Injini ya Kisiagi Ndani ya Datsun

Jumatatu, 6 Desemba 1999
Injini ya Datsun imekufa. Fundi Muthoka aliifungua, akatazama ndani, akavua kofia. Na Jumamosi Munyiva wangu anaolewa! Tangu akiwa na meno mawili nimemwahidi kumpeleka kanisani kwa gari langu mwenyewe. Mke wangu Kalekye anasema tuombe pikapu ya Gikonyo wa hardware, muuza saruji. Gikonyo! Ambaye leo ameiosha mbele ya duka langu, akiimba! Binti yangu hafiki madhabahuni akinuka saruji. Kalekye amenipa hadi Ijumaa.

Jumanne, 7 Desemba
Nimepata! Sijui watu wengine hutumia vichwa kwa kazi gani. Marehemu Ndeti aliacha kisiagi kilichosagia Katangi nzima unga. Tangu afe kimenyamaza, na akina mama hubeba mahindi hadi soko la mbali. Injini yake ya dizeli iko pale, nzima, inafuga buibui. Nimempa mjane wake mbuzi mmoja, nikaibeba. Muthoka anasema injini ya kisiagi haikuumbwa kutembea. Nikamwambia hata yeye hakuzaliwa akichomelea vyuma. Alininunia hadi chai ilipoletwa.
Kalekye ameuliza mbuzi yuko wapi. Nimesema ametembea.

Alhamisi, 9 Desemba
Haiingii! Tumekata boneti, sasa bomba la moshi limesimama juu wima. Gikonyo amepita kuuliza kama tunaunda gari au jikoni. Akatoa bolti za bure. Nikazikataa kabisa. Alipoondoka nikamtuma Muthoka akazichukue.

Ijumaa, 10 Desemba
Inanguruma! Tuku-tuku-tuku hadi vikombe vinacheza kabatini. Ni gia ya kwanza tu inayokubali, lakini harusi si mashindano. Munyiva amefika kutoka mjini, akalizunguka gari, akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akasema anapanda hili hili la baba, ama haolewi. Nikasingizia moshi umeniingia machoni.

Jumamosi, 11 Desemba
Ai! Siku gani hii!
Padre alikuwa ametuonya kwamba yuko na harusi nyingine baada yetu, tukichelewa turudi wiki ijayo. Tukaondoka mapema. Pale sokoni wanawake wakaanza kutoka na ndoo vichwani. Nikawapungia mkono, nikidhani wanamshangilia bibi harusi. Wakatufuata. Wakazidi. Kumbe ni mahindi! Wamesikia sauti ya kisiagi cha Ndeti, wanataka kujua kimehamia wapi!
Kwenye kilima cha kanisa Datsun likagoma. Gikonyo akafika nyuma yetu na pikapu yake, akafungua mlango wa abiria. Munyiva akanitazama. Niliumia sana. Nikamwambia shuka tu, mwanangu, saa zimeenda. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari nje, mama mmoja akatua ndoo. Akasema watasukuma, bora niahidi injini inarudi kusaga kesho. Nikaapa papo hapo. Wakasukuma! Gikonyo naye akasukuma, na suti yake mpya!
Tulimkuta padre mlangoni akitazama saa. Nimemkabidhi binti yangu kwa mkono wangu huu. Nililia, na safari hii hakukuwa na moshi.
Wakati wa zawadi, mjane wa Ndeti alimletea Munyiva mbuzi. Kalekye akamtambua kwa sikio lililokatika. Alinifinya mkono vibaya, kisha akanishika mkono huo huo hadi sherehe ikaisha.

Jumapili, 12 Desemba
Baada ya misa tumerudisha injini kwa mjane. Vigelegele! Kalekye amepata unga wa kwanza. Datsun sasa ni tupu na kuku wameshahamia. Muthoka ameniapisha kwamba sitaweka tena ndani yake injini ya kitu kisicho gari. Nimeapa kwa moyo wote. Nimekoma.
Jioni Gikonyo amekuja kuaga, anaenda kwao Murang'a wiki nzima. Ameniachia pikapu niilinde, eti tangu jana sisi ni ndugu. Mtu mzuri sana, sijui kwa nini nilimchukia.
Nimefungua boneti ya pikapu, kutazama tu. Injini ya gari halisi! Nimeipima kwa kamba.
Inaingia.