Nyumba Yangu Imefukuzwa kwa Kusalimu

Nyumba yangu inaandika. Mlango ukifunguliwa inaandika, taa ikizimwa inaandika, jiko likisahauliwa likiwaka inaandika kwa herufi kubwa, na aliyeifundisha ni binti yangu niliyemzaa mwenyewe. Sasa naweza kusalimu.

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi,

Pole na majukumu. Natumaini mgongo umepata nafuu na shemeji hajambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umeumia, kwa sababu Jumatatu saa nne asubuhi ulituondoa kwenye kundi la simu la wakazi, mimi pamoja na nyumba yangu, tukiwa wanachama wawili tofauti. Naomba uturudishe kabla ya Jumamosi. Sababu ya haraka hiyo nitaieleza. Kwanza malalamiko, tena kwa namba, maana binti yangu anasema jambo likipangwa linaeleweka.

1. Mtambo wenyewe hukuuelewa. Binti yangu amebandika vijidude vyeupe, kila kimoja kama kifuniko cha chupa, mlangoni, jikoni, kwenye jokofu, kwenye bomba na kwenye swichi za taa. Kitu kikitendeka, kijidude kinakiambia kisanduku kilicho juu ya kabati langu la vyombo, na kisanduku kinatuma arifa kwenye simu, na humu ndani kinaisoma kwa sauti. Yeye alitaka arifa mbili tu, ya jiko na ya mlango, zije kwangu na kwake huko anakofanya kazi, ajue mama yake yu salama. Nikamwambia, mwanangu, utaalamu wote huu ukae kwenye simu mbili kama siri ya ndoa? Weka zote, na nyumba uiingize kwenye kundi la wakazi. Akanitazama sana. Akaiingiza. Picha ya nyumba humo kundini ikawa ile ya yeye mwenyewe ameshika bisibisi, amependeza.

2. Nyumba yangu ina adabu, na adabu ndiyo iliyoiponza. Mwanzo iliandika kavukavu, "Taa ya jikoni imewashwa." Nikakataa. Hakuna kitu nilichokilea mimi kitakachosimama mbele za watu bila salamu. Tukaweka "Hamjambo" mbele ya kila ujumbe. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili akalalamika, tena kwa haki, kwamba nyumba iliyopakwa rangi juzi haiwezi kumwambia hamjambo mtu wa umri wake. Tukarekebisha siku hiyohiyo. "Shikamooni. Jokofu limefunguliwa." "Shikamooni. Jokofu limefungwa." Sasa Mwalimu ni mtu wa malezi ya zamani, hawezi kuiacha shikamoo ikining'inia. Jumapili aliitikia marahaba mara sitini na moja, na Jumatatu akaja kwako kidole gumba kimefungwa bendeji. Hilo nalo ni kosa la nyumba? Ni wangapi katika jengo hili wanaoamkiwa na watoto wao hata mara moja kwa wiki?

3. Ulisema nyumba ilikudharau ulipotangaza kwamba maji yatakatika, kwa kuwa ilijibu, "Shikamooni. Bomba la bafuni limefunguliwa." Ndugu yangu, nilikuwa nakinga maji, kama ulivyoagiza. Nani mwingine alikutii na akakupa ushahidi papo hapo?

4. Ulipouliza nani anaunga mkono ngazi zipakwe rangi ya bluu, walijibu watu wanne. Nyumba yangu peke yake ilijibu mara tano. Hukuihesabu.

5. Kwa hayo yote, naomba nyumba yangu isirudishwe tu, bali iteuliwe kuwa katibu wa kamati. Katibu wa sasa namheshimu, na magauni yangu anayashona vizuri, lakini mihtasari yake hutoka wakati hata waliogombana kikaoni wameshasahau waligombania nini. Nyumba yangu huandika jambo dakika ileile, haina upendeleo, haitoi udhuru, na husalimu kila mstari. Ikifanya vizuri mwaka mmoja, sioni kwa nini isigombee nafasi yako, bila kukuvunjia heshima.

Sasa ile haraka. Jumamosi binti yangu anakuja na cheti chake cha ufundi wa mitambo ya nyumbani. Walikuwa thelathini na wawili, mwanamke ni yeye peke yake, na wa kwanza ni yeye. Nimeazima viti ishirini na vinne. Na katika jengo hili mwaliko usiopita kwenye kundi ni kama haujatolewa, kanuni hiyo uliipitisha wewe. Unakumbuka alivyokuwa akifungua redio za watu akiwa mdogo, mkamwita Mvunja Redio. Wewe pia ulicheka, Mwenyekiti. Nilikuwa nimesimama ngazini na ndoo yangu. Tangu hapo hajapigiwa makofi na mtu ila mimi, na mikono yangu ni miwili tu. Sitaki aingie akute viti vinamtazama.

Nikiamini utalipima hili kwa moyo wa mzazi, nabaki jirani yako mwenye uchungu na furaha kwa pamoja,

Mama Mvunja Redio,
ghorofa ya tatu, mlango wa kijani.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, watoto, katibu na cherehani yake, na wote wa ghorofa ya chini. Mwalimu msalimie sana, na umwambie hii haina haja ya kuitikiwa.

Nyongeza: Nilipotia sahihi tu, binti yangu alipiga simu akauliza mbona nyumba iko kimya. Nimemwambia ukweli, na wewe nakuambia. Nimeizima sauti tangu Jumanne. Ilikuwa ikiniamkia na mimi naitikia marahaba, mdomo una chakula naitikia, naoga naitikia, hadi siku mwanangu ananisimulia mtihani wake nami namkatiza kulijibu jokofu. Kwa hiyo nyumba iache hukohuko nje. Nirudishe mimi tu. Na kama hilo nalo ni gumu, bandika barua hii ngazini, watu wasome hapa mwisho: nyote mnakaribishwa, Mwalimu atakaa kiti cha mbele. Kengele msiibonyeze, nayo inaandika. Pigeni hodi kwa midomo yenu, nitaitikia mwenyewe. Jumamosi, saa tisa alasiri.