Tajiri wa Daraja la Tano

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimekwisha! Dada mmoja wa utafiti, jina lake Kache, amepita hapa Kibarani, fulana ya buluu, kishikwambi mkononi. Kesho ataniuliza maswali. Ameeleza kwamba wanachunguza kwa nini maskini huugua kuliko matajiri. Hawamuulizi mtu mapato yake, maana watu husema uongo. Hutazama sakafu, choo na vyombo vya nyumbani, kisha humweka mtu kwenye daraja, la kwanza hadi la tano. La tano ni la matajiri. Mengine sikusikia. Nilikuwa namtazama anavyosukuma nywele nyuma ya sikio.

Mimi ni fundi wa redio na friji. Chumba changu kimejaa vitu vya wateja. Nani atajua?

Jumanne, 4 Februari

Friji tatu, runinga nne, mashine ya kufulia. Nimemwambia zote zangu. Hakuna inayowaka, lakini hilo hakuuliza. Yeye anabofya, mimi naelea: sisi wawili barazani, madafu baridi, ananiuliza maswali mpaka uzeeni. Mara Mama Sanga akaingia kuulizia friji yake! Nikasema haraka kwamba jirani huyu huja kuweka samaki wake kwangu. Mama Sanga akauliza samaki gani, miezi mitatu sasa anangoja friji yake. Kache akaandika kitu. Nadhani ni pongezi.

Kisha akanipima presha. Mara mbili. Ya tatu akakunja uso, akauliza kama huwa naumwa kichwa. Nikamjibu kwamba watu wa daraja langu hawaumwi ovyo.

Alhamisi, 6 Februari

Balaa! Jirani yangu Ngumbao, muuza maji, sakafu ya udongo, choo cha kuazima, amewekwa daraja la kwanza. Na Kache atamtembelea kila mwezi, mwaka mzima! Sisi wa daraja la tano hutembelewa mara moja, basi. Ngumbao ameniambia haya huku akitafuna korosho, polepole, makusudi. Akaongeza kwamba Kache hucheka vizuri. Najua anavyocheka! Mimi ndiye niliyemwona kwanza.

Ijumaa, 7 Februari

Nimewarudishia wateja vitu vyao, vibovu hivyo hivyo. Mama Sanga hakuniaga. Adhuhuri nikashika nyundo, nikavunja sakafu yangu ya saruji. Udongo wa chini ni mwekundu, una ubaridi mtamu. Nikajilaza juu yake. Upepo ukaingia mlangoni, nikamwona Kache akiingia nao, Machi, Aprili, Mei. Nikazinduka kichwa kikigonga.

Aliyeingia ni Cliff, mwenzake. Amesema daraja halibadiliki, lililoandikwa siku ile ndilo hilo. Akatazama vifusi, akauliza kama matajiri wote hukarabati hivi. Ameniachia barua ya Kache: presha yangu iko juu mno, niende zahanati bila kuchelewa.

Jumapili, 9 Februari

Ameiandika kwa mkono wake! Jina langu lote, Dena, kwa wino wa buluu. Nimeisoma mara kumi na moja. Ngumbao amekuja, safari hii hatafuni chochote. Amesema presha ndiyo iliyomuua babake, na kesho atanisindikiza zahanati mwenyewe. Wivu tu. Nimemuuliza utaratibu ukoje huko. Eti barua huachwa kwa nesi, na mtu harudishiwi.

Basi siendi. Kichwa kinauma, lakini si sana. Na presha ikizidi kupanda, bila shaka ataniandikia nyingine.