Risasi Ndefu, Magazini Fupi

Jumatatu, 7 Oktoba

Vimefika! Vichwa vya risasi, pakiti nzima, kutoka Ujerumani. Nimekaa navyo mezani tangu kahawa ya asubuhi. Shaba tupu, virefu, vyembamba, mkia umechongwa, nchani plastiki nyekundu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii. Mke wangu Tuulikki kapita na ndoo ya beri, kaniuliza kama siku ya harusi nilimtazama yeye hivyo. Swali gumu.

Jumamosi msimu wa hirvi, kulungu mkubwa wa misitu yetu ya kaskazini, unafunguliwa. Mnyama wa kimo cha farasi, mimi na bunduki. Na safari hii si mchezo! Mama Hilkka, mkuu wa kikosi chetu cha uwindaji, kanionya. Tangu nirithi Jiwe la baba, kituo chake cha kuvizia pale ukingoni mwa kinamasi, sijaangusha hata hirvi mmoja. Nikikosa tena, Jiwe anapewa Veijo, kaka yake Tuulikki, nami napelekwa kuswaga wanyama pamoja na wapiga kelele. Baba alisimama pale mpaka miguu ikamkatalia. Nimwachie Veijo? Thubutu!

Rafuni bado zipo risasi tatu za mwisho alizojaza baba mwenyewe, ndani ya kopo lake la tumbaku. Fupi, butu, kama vidole gumba. Naziheshimu sana. Kuonekana nazo siwezi.

Jumanne, 8 Oktoba

Kazi safi leo. Nimechomeka kichwa kwenye ganda tupu, nikafunga bunduki taratibu, mtutu wenyewe ukakisukuma gandani, ukanionyesha kichwa kinapenda kukaa wapi. Nikajaza pakiti nzima kwa kipimo hicho. Baruti, kichwa, tayari. Nimezipanga dirishani jua lizipige. Jamani!

Halafu nikajaribu kuzitia magazini, kile kisanduku cha chuma chini ya bunduki. Haziingii. Zimezidi kwa unene wa kucha. Mtutu niliupima, magazini sikuipima. Lakini nani hupima magazini? Ni kisanduku tu!

Jumatano, 9 Oktoba

Nimezididimiza. Magazini ikazipokea zote kwa mlio mtamu. Ushindi! Ushindi wa dakika chache. Kichwa kimezama mno, mdomo wa ganda sasa umezunguka pale kinapoanza kuchongoka, haushiki kitu. Kinacheza kama jino bovu. Na baruti ndani inasagika. Hata mimi najua risasi ya namna hiyo haipigwi. Nimezivunja zote, nikaanza upya. Ndefu.

Jioni sauna na wanakikosi. Veijo kakalia benchi la juu kabisa, kama kawaida yake. Kaniuliza mbele ya wote, eti shemeji, umejaza risasi au sindano za kufumia? Wakacheka mpaka wakakohoa. Yeye anachagua kichwa cha risasi kama anavyochagua buti: kikiingia, basi. Hana mshangao moyoni, yule mtu. Nikamwaga maji kwenye mawe ya moto, nikamwaga tena, mvuke ukimpandia kule juu, mpaka akashuka mwenyewe. Kidogo nilipata faraja.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mpango umepatikana! Risasi moja naiweka moja kwa moja ndani ya mtutu, nyingine mfukoni. Magazini ya nini? Ila zile ncha nyekundu zisichubuke. Nimezitia zote kwenye soksi ya sufu aliyoifuma Tuulikki. Zimelala humo kama watoto.

Tuulikki kasema nichukue za baba, zinaingia bila ugomvi. Nimemweleza kwamba hii ni sayansi. Kanitazama kwa huruma, nadhani kwa sababu sayansi haielewi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilikuwa kwenye Jiwe kabla ya mapambazuko. Barafu nyembamba juu ya kinamasi, ukungu, kimya. Mbwa alibweka mbali, akanyamaza.

Kisha alikuwepo. Sikumwona akija. Dume, pembe pana kuliko mlango wetu, mvuke ukimtoka puani, maji yakimchuruzika miguuni. Nilisahau kama nina bunduki. Nilisahau jina langu. Nilijiona mdogo kabisa, na nikafurahi kuwa mdogo. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kuandika.

Halafu nikamkumbuka Veijo. Nikapiga.

Mti wa kando yake ukadondosha tawi. Yeye hakukimbia! Alinigeuzia ubavu mzima, akasimama. Mkono mfukoni. Soksi. Ncha zimenasa kwenye sufu! Navuta risasi, inakuja soksi. Navuta soksi, inarefuka. Nikaing'ata kwa meno. Mnyama alitazama yote kwa adabu, kisha akaondoka taratibu kuelekea upande wa Veijo.

Mlio mmoja. Kwisha.

Tulipokusanyika tulivua kofia, tukamzunguka yule dume. Hata akiwa amelala alitufanya tunong'one. Veijo naye alikuwa mpole, mpaka aliponiona. Soksi bado ilikuwa inaning'inia mdomoni. Akaniuliza, shemeji, kumbe una njaa hivyo?

Jumapili, 13 Oktoba

Supu ya hirvi kwenye kibanda cha kikosi. Mama Hilkka kaniita pembeni. Nilijua Jiwe limekwenda. Lakini akaniambia kuhusu baba. Kwamba kabla ya kujaza chochote, alikuwa anaunda risasi moja ya mfano, bila baruti, na kuitia magazini. Isipoingia, kichwa kile kilikwenda droo ya chini, hata kiwe kizuri vipi. Kisha kanipa Jumamosi moja zaidi. Sharti moja: nisimame na risasi za baba. Akasema, niahidi, mwanangu. Nikaahidi, na nikalia kweli, supu ikaingia chumvi.

Nimerudi, nimefungua kopo. Bado linanuka tumbaku yake. Nimezishika mkononi muda mrefu. Mikono yake ndiyo iliyozifunga hizi.

Na maganda yake, lo! Mazito, yamekaza, kuliko yangu yote. Ingekuwa dhambi kuyaacha na vile vichwa vya kidole gumba. Nimevitoa taratibu, nimepachika vyangu virefu. Sijavunja ahadi, ni risasi za baba zile zile. Zimezidi magazini kidogo tu, unene wa kucha.

Nimemwomba Tuulikki soksi ya nailoni.