Taa Zinazotazama Juu

Jumatatu, 3 Juni

Askari wa barabarani kanisimamisha jioni, eti taa zangu zinampofusha. Mke wangu alikuwa kiti cha pembeni. Gari linakaguliwa Ijumaa. Mke wangu kasema lisipopita, funguo zinahamia kwa mdogo wake. Yaani shemeji yangu fundi magari, mtu wa kujisikia kuliko wote ninaowajua. Mimi nipande basi, yeye aendeshe gari langu? Thubutu! Kurekebisha taa ni kazi ya jioni moja.

Mke wangu alitaka kuweka kikapu kwenye buti, nikamzuia. Mle mna maboksi kumi na mawili ya vigae vya bafuni, vile vya rangi ya bizari nilivyomwapia kwamba nimevirudisha dukani. Nitavirudisha tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeegesha gari likitazama ukuta wa jirani, hatua tano kamili. Nimechora mstari kwa chaki. Mwanga umeupita mstari na kuingia dirishani kwa jirani ghorofani. Kafunga pazia kwa hasira. Nikazungusha kitufe cha kushusha taa: sifuri, moja, mbili, tatu. Zimeshuka kidogo, basi. Jibu ninalo: mota imechoka.

Shemeji kapiga simu kuuliza kama nimebeba kitu kizito nyuma. Nikamwambia buti ni tupu. Maswali ya kitoto kabisa.

Jumatano, 5 Juni

Nimefungua taa ya kulia. Skrubu saba zimetoka, sita zimerudi. Ya saba nadhani kiwandani waliizidisha.

Mama mkwe kaja, kaketi kiti cha mbele kupumzisha miguu. Mwanga ukashuka vidole viwili! Nikamwomba ashuke. Ukapanda. Nikamwomba apande tena. Mara nne. Kaniuliza kwa upole kama nina homa. Nikamwambia, mama, huu ni utafiti.

Alhamisi, 6 Juni

Hesabu imekubali. Kitufe kwenye tatu, mama mkwe mbele, gunia la viazi miguuni pake: mwanga unagusa mstari sawasawa. Nimemwambia kesho nampeleka matembezi. Kafurahi, maskini. Shemeji atajua hajui.

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe kavaa viatu vipya. Mkaguzi, mwanamama mwenye kalamu sikioni, kaomba abiria wote washuke. Nikawahi kusema mama ana miguu mibovu.

"Miguu yangu mizima, mwanangu," mama mkwe akamwambia mkaguzi. "Juzi huyu kanipandisha na kunishusha mara nne."

Akashuka. Na gunia akaliteremsha mwenyewe! Mwanga ukaenda darini. Mkaguzi kainama, kaona gari limekaa kitako, kaomba nifungue buti. Nikasema limekwama. Kalibonyeza kwa kidole kimoja, likafunguka.

Mama mkwe kaviangalia vigae, kaisoma risiti, kampigia simu mke wangu. Sikuwa na pa kuficha uso. Tukateremsha maboksi yote. Taa ya kushoto ikashuka mahali pake, safi kabisa, kumbe haikuwa na ugonjwa wowote. Ya kulia, ile niliyoifungua mimi, ikaning'inia ikitazama tairi. Gari halikupita.

Jumapili, 9 Juni

Funguo zimeondoka jana. Shemeji katia skrubu moja, dakika tano, gari likapita. Kanitazama tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mke wangu haniongeleshi. Ukweli usemwe: utafiti wangu ulikuwa sahihi, ila mkaguzi hana subira.

Leo shemeji kapita hapa na gari langu. Nikaona taa ya breki ya kushoto imefifia. Nikamsimamisha, nikamwomba aniachie jioni moja tu. Kacheka, kaondoka.

Kesho anakuja kula kwetu, na gari ataliegesha uani. Bisibisi nimeshaiweka mfukoni.